Vitabu Vitatu vya Kutisha Vyenye Picha: Kipi Umsomee Mtoto, Kipi Usome Peke Yako, Kipi Ukiweke Juu ya Kabati

Stima ikikatika nyumbani kwa dada yangu hapa Mombasa, watoto hawaulizi itarudi saa ngapi. Wanauliza mjomba kaja na kitabu gani. Ninavyo vitatu vya hadithi za kutisha vyenye picha, vyote vya Kiingereza, na kwa miaka kadhaa nimevisoma kwa kila namna: kwa sauti huku nikitafsiri papo hapo, kimya usiku wa manane, na kwa kupekua picha tu bila kusoma neno. Wanaotaka kununua huniuliza kipi kinatisha zaidi. Nimeacha kulijibu swali hilo, maana kila kimoja kina mlango wake wa kuingilia. Kimoja huingia kwa sikio, cha pili kwa kidole kinachofunua ukurasa, cha tatu kwa jicho. Ukikipitishia mlango usio wake, utasema kitabu kibovu na utakuwa umekionea.

Vyenyewe ni hivi: Scary Stories to Tell in the Dark cha Alvin Schwartz, Through the Woods cha Emily Carroll, na Shiver cha Junji Ito. Mmarekani, Mkanada na Mjapani.

Cha kusimulia

Nitakaa hapa zaidi, kwa kuwa ndicho kinachosomwa na wengi na ndicho chenye mtego kwa mnunuzi.

Kwanza si kitabu kimoja, ni vitatu: cha kwanza kilitoka 1981, cha pili 1984, cha tatu 1991. Schwartz hakuzitunga hadithi hizo. Alikuwa amewahi kuwa mwandishi wa habari, na alizikusanya kwenye ngano za zamani, masimulizi ya vijijini na uvumi ambao vijana wa Marekani walikuwa wakitishana nao, kisha akaziandika kwa sentensi fupifupi kama za mtu anayezungumza nawe barazani. Mwishoni mwa kila kitabu anaeleza kila hadithi aliitoa wapi. Kurasa hizo watoto huziruka, mimi ndizo ninazoanza nazo.

Jina lenyewe linasema ni hadithi za kusimulia gizani, na kitabu kimejengwa kwa kazi hiyo. Kuna ile ya mvulana anayechimba bustanini akapata kidole gumba cha mguu. Mama yake anakitia kwenye supu, wanakila, na usiku mwenyewe anakuja kukidai. Ndani ya maandishi mna maelekezo ya msimulizi: ukifika hapa, mrukie aliye karibu nawe. Mimi huanza na "Paukwa!", wakaitikia "Pakawa!", kisha nashusha sauti pole pole, "Kidole changu kiko wa-a-api?", na mara ya kwanza nilipofika mahali pa kuruka, mpwa wangu wa miaka 7 alimwaga chai yote kwenye mkeka. Hadithi yenyewe haijai kurasa tatu.

Sentensi hizo fupi ndizo zinazorahisisha kutafsiri ukiwa unasoma. Zipo zinazogoma, hata hivyo. Ile ya The Viper inahusu mtu anayepiga simu kila mara kusema anakuja, na mwishoni inajulikana ni msafisha madirisha mwenye lafudhi ya kigeni. Mzaha wote umesimama juu ya herufi moja ya Kiingereza: "wiper", yaani mfutaji, mdomoni mwake hugeuka "viper", yaani nyoka. Ukiugeuza Kiswahili unabakiwa na mtu aliyekuja kufuta madirisha. Watoto walinitazama kama nimewaibia. Kinyume chake ni ile ya kichwa kinachoanguka kupitia bomba la moshi huku sauti ikiimba maneno yasiyo na maana yoyote, hata kwa Kiingereza. Hayo usiyatafsiri, yaimbe vilevile. Bomba la moshi mimi nililigeuza dari, maana nyumba zetu hazina bomba, na mtoto anayelala chini ya dari anaelewa upesi.

Nyingine hazihitaji hata kutafsiriwa, tayari tunazo. Katika kitabu cha tatu kuna The Bus Stop, mwanamume anampa lifti mwanamke aliyesimama kituoni, kumbe ni marehemu wa siku nyingi. Niliposoma hiyo hakuna aliyeshtuka. Mkubwa wao alisema tu, "Mjomba, huyu si yule wa kwato?" Alimkusudia jini wa kwetu Pwani, yule mwanamke mzuri mwenye baibui na harufu ya manukato, unampakia garini, halafu ukiteremsha macho miguuni unaona kwato za punda. Baada ya hapo kitabu kilifungwa na kila mmoja akasimulia wa mtaa wake mpaka stima ikarudi. Kwa kipimo changu hiyo ni sifa ya kitabu, kwa sababu kinafungua midomo ya wengine.

Sasa picha. Mchoraji wa asili ni Stephen Gammell, na hapo ndipo kitabu hiki kinapoachana na upole. Michoro yake ni myeusi na myeupe, wino kama umechuruzika, nywele kama mizizi, nyuso zinazoyeyuka pembeni. Na picha haimfuati Schwartz. Chukua The Haunted House: mchungaji anakutana na mzimu wa msichana aliyeuawa, mzimu unaomba haki, haki inapatikana. Kwa maneno matupu ungeweza kuisoma mchana mbele ya wageni. Lakini pembeni yake kuna uso wa mwanamke uliooza, mahali pa macho mna matundu, nao unakutazama wewe. Watu wazima waliosoma kitabu hicho utotoni wanasahau mchungaji alifanya nini, uso hawausahau. Cha kuchekesha ni kwamba mkono huohuo ndio uliopata nishani ya Caldecott, ile ya Marekani ya wachoraji wa vitabu vya watoto, mwaka 1989 kwa kitabu cha watoto chenye furaha tupu, cha babu anayewachezea wajukuu dansi darini.

Picha hizo hazikupita kimya. Chama cha Maktaba cha Marekani hutunza orodha ya vitabu ambavyo watu wanataka viondolewe shuleni na maktabani, na kwa miaka ya 1990 hadi 1999 mfululizo huu ndio ulioshika namba ya kwanza.

Mtego wa matoleo

Lilipokaribia toleo la kuadhimisha miaka 30, mchapishaji aliziondoa picha za Gammell na kuweka za Brett Helquist. Maneno yalibaki yaleyale. Mwaka 2017 picha za Gammell zikarudishwa. Kwa hiyo leo sokoni, na hasa kwenye vitabu vya mitumba, kuna vitabu viwili vyenye jina moja, mwandishi mmoja na hadithi zilezile, ila kimoja kinakukosesha usingizi na kingine hakikugusi.

Mimi niliingia mtegoni. Niliagiza kwa mtandao, nikangoja wiki kadhaa, nikafungua bahasha nikiwa nimeshawaita watoto, nikakuta cha Helquist. Nilipolalamika, muuzaji alinijibu kwa adabu kabisa kwamba maneno ni yaleyale. Hakusema uongo.

Nilikasirika, kisha nikakaa nacho nikaona nimekionea. Helquist ni mchoraji mzuri. Mistari yake imekamilika, watu wake wana sura za watu, na anachora kile kilichoandikwa: kama hadithi inasema mtu yuko dirishani, utamwona dirishani. Kwa mtoto wa miaka 7 au 8 hilo ndilo hasa linalofaa, kwa sababu hofu inabaki kwenye sauti ya msimulizi, nayo hukoma anaponyamaza. Picha ya Gammell haikomi, inamfuata mtoto kitandani. Kwa hiyo ukiniuliza kama msomaji, Gammell bila kusita. Ukiniuliza kama mjomba nitakayepigiwa simu na dada saa nane za usiku, Helquist.

Namna ya kuvitofautisha ni rahisi. Jina la mchoraji huandikwa kwenye jalada. Na jalada la Gammell la kitabu cha kwanza lina kichwa kinachochomoza ardhini na kiko mdomoni. Ukishakiona mara moja hutakichanganya na kingine.

Cha kusoma kimya

Through the Woods kilitoka 2014. Emily Carroll ameandika na kuchora mwenyewe, na mwaka uliofuata kilimpatia tuzo ya Eisner, ambayo ni ya heshima kubwa katika fani ya katuni. Hadithi ni tano tu. Kuna dada watatu walioachwa nyumbani baba alipokwenda kuwinda theluji ikianguka; kuna bi harusi anayesikia wimbo ukitoka kwenye kuta za nyumba ya mumewe; kuna mtu aliyemuua kaka yake msituni, na baada ya siku tatu kaka akarudi nyumbani, mzima.

Nilijaribu kuwasomea watoto ile ya dada watatu. Nilishindwa kabisa, na kosa lilikuwa langu. Katika kitabu hiki maneno si habari iliyowekwa kando ya picha, yameandikwa kwa mkono ndani yake, yanapinda na barabara ya msitu, yanakua, yanafifia. Halafu kuna kurasa ambazo neno ni moja tu, au hakuna, na weusi umejaa kuanzia ukingo hadi ukingo. Mimi nikawa nayajaza matupu yale kwa mdomo: "basi, akaenda, akaenda..." Nilikuwa nakisemea kitabu kilichoamua kunyamaza. Mdogo akasinzia.

Wiki hiyohiyo nilikisoma peke yangu, taa moja tu imewaka. Hapo nikaelewa. Carroll anaitegemea sekunde ile ya kufunua ukurasa. Anakupa picha ya mlango, mstari mmoja mfupi, na ukurasa unaishia hapo. Kidole chako ndicho kitakachofungua mlango. Unaweza kukaa dakika nzima hutaki kufunua. Rangi nazo zinafanya kazi yake. Buluu ya baridi, weupe wa theluji, weusi kila mahali, kisha nyekundu inatokea mahali pamoja, utepe, shavu, kidonda, na jicho halina pa kukimbilia.

Kasoro yake, kama ni kasoro, ni mwisho. Dada yangu alikiazima, akakisoma jioni moja, asubuhi akanipigia: "Mwisho wake uko wapi? Au umeuziwa nusu?" Ni kweli, Carroll hafungi mlango, anakuacha ukiwa umeshika kitasa. Ukiwa mtu wa kutaka kujua muuaji alipatikanaje na mzimu ulikwenda wapi, kitabu hiki kitakukera, na Schwartz mwenye mwisho wa kuruka atakufaa zaidi. Jambo jingine, hadithi ya mwisho ina mambo ya mwili na meno ambayo mtu mwenye moyo mwepesi asiisome akiwa anakula.

Ile ya kaka aliyerudi, His Face All Red, ilianza kama katuni ya kwenye intaneti, Carroll aliiweka kwenye tovuti yake Oktoba 2010. Nashauri uionje hiyo kabla ya kutoa pesa. Ikikupita bila kukugusa, kitabu kizima kitakupita.

Cha kutazama

Junji Ito alikuwa fundi wa kutengeneza meno kabla ya kuishi kwa kalamu, na ukikitazama kitabu chake kwa karibu unaona subira ya kazi ile. Kila unywele una mstari wake. Shiver ni mkusanyiko wa hadithi alizozichagua mwenyewe, ulitoka kwa Kiingereza mwaka 2017, na baada ya hadithi kuna maneno yake ya jinsi wazo lilivyomjia. Nyingi zilianzia kwenye jambo dogo la kawaida, na kujua hivyo hakupunguzi kitu.

Kitabu kinafunguliwa kutoka upande wa kulia, kama kilivyo Kijapani. Nimeona watu wazima wakihangaika nacho, wanaanzia mwisho na kulalamika hawaelewi. Watoto wa dada yangu, ambao kila alasiri wako chuoni na msahafu, hawakuhitaji maelezo. Walikigeuza wenyewe, nami nikakinyakua mikononi mwao kabla hawajafika ukurasa wa pili.

Nilikinyakua kwa sababu Ito hana mahali pa kujificha. Schwartz anakuambia kuna kitu kinakuja. Carroll anakuonyesha mlango. Ito anakuonyesha kitu chenyewe, ukurasa mzima, kimechorwa kikakamilika. Kuna mgonjwa ambaye ndoto yake ya usiku mmoja inamchukua siku nyingi, kisha miaka, kisha karne, na mwili wake unaanza kufanana na muda huo. Hiyo ndiyo niipendayo, na ndiyo ninayompa mtu anayesema katuni ni za watoto. Kuna familia inayoishi juu ya mkahawa wao wa nyama choma, nyumba yote imelowa mafuta, kuta, vitabu, ngozi. Baada ya kuisoma nilipita mbele ya karai la viazi vya kukaanga pale mtaani nikaona heri nirudi nyumbani. Nyingine ina mashimo kwenye miili ya watu. Wapo ambao hata picha ya sega la nyuki inawasisimua vibaya, hao waiache. Na ile ya maputo yenye sura za watu, ambayo wengi huisifu kuliko zote, ina kujinyonga ndani yake tangu mwanzo. Usimpe mtu aliyefiwa kwa njia hiyo bila kumwambia.

Kukisoma kwa sauti hakuna maana. Mazungumzo ya watu wake ni makavu, "Nini kile?", "Twende!", na uzito wote uko kwenye mchoro. Ungelazimika kukizungusha kitabu mbele ya kila mmoja, na kwa mshumaa hakuna atakayeona kitu.

Nikiviweka pamoja

Kwa lugha, Schwartz ndiye mwepesi kuliko wote, na mwalimu wa Kiingereza wa madarasa ya juu ya msingi anaweza kumtumia darasani bila taabu: sentensi fupi, hadithi inaisha kabla ya kengele, na mwanafunzi mvivu atamaliza kwa kutaka kujua kilichotokea. Carroll ana maneno machache lakini mwandiko wake wa mkono unamchosha asiyeuzoea. Ito anasomeka haraka mno, na hilo ndilo tatizo la pesa yako, kwani kitabu kinene unakimaliza kwa jioni mbili. Ila utakirudia.

Kwa simu, maandishi ya Schwartz hayapotezi kitu, picha za Gammell zinapoteza karibu kila kitu. Zile nyuzi za wino kwenye kioo kidogo zinakuwa uchafu tu. Ito anakatwa katikati pale mchoro unapokaa kurasa mbili. Vyote vitatu nunua karatasi kama unaweza.

Kwa umri, hivi ndivyo nilivyogawa nyumbani kwetu, na wewe unawajua wako. Miaka 7 hadi 9, Schwartz na picha za Helquist, msomaji awe mtu mzima. Kuanzia 10, Schwartz na Gammell, lakini mchana kwanza, na umwachie mtoto mwenyewe aamue kama anaitaka picha au ataifunika kwa kiganja. Wa kati wetu alifunika ule uso kwa mwezi mzima, kisha siku moja akaondoa mkono. Kuanzia 13 hivi, Carroll. Ito asubiri mpaka 16, na kijana anayejigamba kwamba hakuna kinachomtisha ndiye wa kusubirishwa zaidi. Kwa mtu mzima anayenunua kimoja tu kwa ajili yake mwenyewe, ningesema Carroll, ingawa dada yangu hatakubaliana nami.

Na kama unatafuta cha kukusanya watu, si cha kukusomesha peke yako, hapo sina mjadala: ni Schwartz. Hivi viwili vingine ni bora kwa uchoraji na havijawahi kumfanya mtu yeyote nyumbani kwetu aseme, "Hebu nami nisimulie yangu."

Cha Ito kiko juu ya kabati la nguo. Cha Carroll kiko kwa dada bado, anasema anatafuta mwisho. Kile cha Helquist nilichotumiwa kimakosa nilimpa yule mdogo wa miaka 7 kiwe chake kabisa, naye amezipaka picha rangi kwa krayoni. Mzimu wa kwanza sasa amevaa viatu vya kijani.